Hakuna Uzi, Hakuna Simu

Sikuwahi kumpenda Delma, na nikisema kwamba nilianza kumpenda baada ya haya ninayotaka kusimulia nitakuwa nawadanganya. Kwa miaka tisa meza yake ya kuchaji simu imekaa ubavuni mwa karai langu la maandazi, pale sokoni Goroka, mji wetu wa milimani, upande wa wauza popoo, na kwa miaka yote hiyo sijapata kwake salamu isiyokuwa na mwiba. "Mama Bepi, mafuta yako yananuka." Hiyo ndiyo habari ya asubuhi yake. Nami nilizoea kumjibu, "Yananuka lakini watu wanakula. Wewe nani anakutamani?" Kisha kila mmoja anageukia kazi yake mpaka jioni.

Ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kwa sababu alianza kubeba magunia ya kahawa akiwa msichana kule juu Asaro, na mumewe alipokufa aliendelea kuyabeba huku binti yake wa pekee, Elsi, bado ananyonya. Siku alipochoka na magunia alishuka mjini na paneli mbili za jua, betri tatu za gari na fungu la nyaya, akaweka meza. Watu wanaokuja kuuza kabichi na karoti hawana umeme vijijini kwao. Simu zao hufika mjini zimezima, na Delma ndiye anayeziwasha. Msimu wa kahawa utakuta simu hamsini pale mezani, zote zimelazwa kifudifudi, na yeye amesimama katikati na meno yake mekundu kwa tambuu, anamgombeza mtu.

Ukimpelekea simu haipokei hivi hivi. Kwanza anakuuliza, "Umeifunga?" Kama hujui kuifunga anakufundisha, lakini anakufundisha kwa matusi. Kama unajua, anakuambia uifunge mbele yake, kisha anageuza uso asione vidole vyako. Siku moja mzee mmoja wa Lufa, mtu mpole kabisa, alimwambia, "Namba yake ni moja mbili tatu nne, mama, ukitaka kuona picha za mjukuu wangu." Delma aliirudisha simu ya mzee kana kwamba imeoza.

"Soko zima limesikia. Nenda kabadilishe ndipo urudi."

"Lakini mama, mimi ni mtu mzima, nitaikumbuka vipi nyingine?"

"Watoto wako saba unawakumbuka. Namba moja ikushinde?"

Mzee aliondoka na simu yake ikiwa imezima vilevile. Mimi nilimpa andazi la bure kwa ajili ya kumkomoa Delma tu.

Na ule uzi sasa. Kila simu inapopokelewa, Delma anakata uzi wa kusokota, ule tunaofumia mikoba yetu ya bilum, anaupiga mafundo, halafu anaukata vipande viwili vyenye mafundo yanayofanana. Kipande kimoja anakifunga kwenye simu, kingine unakivaa wewe shingoni. Ukirudi, anaweka vipande viwili sambamba mezani na kuhesabu mafundo. Yakilingana, chukua simu yako. Kama huna uzi, hata uwe mama yake mzazi, unakaa hapo mpaka soko lifungwe na waliobaki wote wachukue zao. Amewakalisha wachungaji. Alimkalisha polisi mmoja juani saa nne nzima, na polisi yule alipoanza kufoka, Delma akamwambia, "Piga kelele, ndipo tujue kama simu ni yako. Simu haijibu kelele." Uzi ulikuwa umedondoka kwenye gunia la viazi vitamu, na mpaka leo yule polisi akipita anatema mate.

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa kwanza alikuwa anatoa simu kwa kumwangalia mtu usoni. Akaja kijana mmoja mwenye adabu, akasema, "Nimetumwa na mjomba, ile yenye ufa," Delma akampa. Simu ile ilikuwa haina kufuli. Kabla ya jua kupinda, kila ndugu aliyekuwa na namba ndani ya simu ile alikuwa amepata ujumbe: nimelazwa, nitumieni vocha. Na sisi hapa ndugu akiomba hatuulizi. Tunatuma, kunung'unika kunafuata baadaye. Zaidi ya watu arobaini walituma. Walipogundua kwamba mjomba yuko shambani mzima, anapalilia, waliteremka na mapanga, na hawakuja kwa yule kijana, maana hakuna aliyemjua. Walikuja kwa Delma. Alitoa nguruwe wake wote wawili na blanketi zilizokuwa ndani ili wasiivunje meza. Tangu hapo ni uzi.

Mimi chuki yangu na yeye ina tarehe. Mwaka wa nne wa ujirani wetu nilipigiwa simu nikiwa nageuza maandazi. Sauti ya mwanamume, ya upole, ikaniambia, "Mkwe, ni mimi." Sasa jina la mkwe kwetu halitamkwi. Hulitaji, na wala humuulizi, maana kumuuliza mkwe "wewe ni nani" ni kumvua nguo mbele za watu. Mimi nina wakwe wengi, wengine sauti zao nimezisikia mara mbili tu maishani. Nikasema, "Naam, mkwe." Akaniambia ameandika namba yangu mahali kwa makosa, kuna tarakimu sita zimeingia kwangu, tafadhali nimsomee. Nikatazama, kweli zimeingia. Nikaanza kusoma kwa sauti. Nne. Saba. Moja.

Sikumaliza. Delma aliruka meza yake, akaninyang'anya simu na kuikata.

"Wewe mama, huo ujinga ulizaliwa nao au ulikwenda kuusomea?"

"Huyo ni mkwe wangu," nikamwambia kwa hasira.

"Mkwe wako yupi? Anaitwa nani?"

"Unajua siwezi kumtaja."

"Na yeye anajua huwezi. Ndiyo maana akajiita mkwe." Akanirushia simu kifuani. "Tarakimu zikija kwako ni zako. Hata akipiga marehemu mumeo kutoka huko aliko, humsomei."

"Sasa nimuulize nini na mimi jina siruhusiwi?"

"Muulize mara ya mwisho alikula nini nyumbani kwako. Mkwe wa kweli hasahau nyama."

Wauza popoo walicheka mpaka wakapaliwa. Kwa mwaka mzima walikuwa wananiita Nne Saba Moja, na wako wanaoniita hivyo hadi leo. Baadaye nilielezwa kwamba ningemaliza tarakimu tatu zilizobaki, yule mtu angeingia kwenye ukurasa wangu wa mtandao na kuwaandikia ukoo wangu wote kwa jina langu. Kwa hiyo aliniokoa, sikatai. Lakini mtu anaweza kukuokoa bila kukuita mjinga mbele ya wauza popoo.

Basi mnielewe ninaposema kwamba nilifurahi, tena nilifurahi waziwazi, nilipoona kuna mtu mmoja ambaye Delma hawezi kumfokea. Mtu huyo ni mume wa Elsi. Alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kiwanda cha kahawa, mrefu, anayependa kuvaa viatu vyeupe. Alitoa nguruwe ishirini na wawili kwa ajili ya Elsi, sherehe iliyofunga barabara. Hapo sokoni hatukumwita kwa jina lake, maana mbele ya Delma ingekuwa ni kumtia yeye aibu. Tulimwita Mkwe tu, soko zima. Akipita, Delma alisogea kando na kutazama chini, naye hakumtaja Delma wala kumwangalia machoni, kama inavyopaswa. Alipoanza kumpiga Elsi, kila mtu alijua, kwa sababu Elsi alikuwa anakuja na mikono mirefu ya sweta wakati wa jua. Na yule Delma, aliyetutukana sote mpaka na polisi, alikuwa anapanga nyaya zake kimya. Mwezi wa kwanza niliona raha. Mwezi wa pili raha ile ilinitoka, nikawa sitaki kutazama upande ule.

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa kahawa, ukungu haujaondoka vizuri. Elsi alifika saa mbili akiwa na mtoto wake ndani ya bilum mgongoni. Masikio yangu hayana mlango, na karai langu liko hatua mbili tu kutoka meza ile, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, iweke ijae. Saa sita gari la masista litanichukua kwenye geti la kanisa. Mipango yote iko humu ndani, nyumba watakayonificha iko wapi, namba ya dereva, kila kitu. Nakwenda kuchukua kitabu cha kliniki cha mtoto na nguo, narudi."

"Kwa nini usiende sasa hivi?"

"Yuko kazini mpaka saa tisa. Na mtoto hana hata koti."

"Umeifunga?"

"Nimeifunga, mama."

"Namba ya dereva iko kichwani pia, au iko kwenye simu tu?" Hilo ni jambo lake jingine, anataka kila mtu abebe namba moja kichwani kwa siku ambayo simu haitakuwepo mkononi. Elsi akaisema kwa kunong'ona, yote, bila kukosea. Delma akakata uzi wa bluu, akaupiga mafundo manne, akamvisha binti yake kipande chake shingoni kama mteja yeyote. Simu ile ilikuwa kuukuu. Betri yake imechoka siku nyingi, bila waya haikai hata dakika tano. Akaichomeka, akailaza kifudifudi.

Saa nne Mkwe akatokea katikati ya wauza popoo, viatu vyeupe vimejaa tope. Hakuwa amevaa nguo za kazi. Alisimama mbele ya meza na kuweka juu yake kipande cha uzi wa bluu.

"Nimekuja kuchukua ya mke wangu," akasema, akitazama paneli, si mtu.

Delma alikiweka kile kipande sambamba na kile kilichofungwa kwenye simu. Mafundo manne kwa mafundo manne. Halafu akakiinua kwa vidole viwili, na nikaona alichokuwa anakiona. Uzi wa shingoni unavuliwa kwa kichwa, au unafunguliwa fundo la nyuma. Ule wa Elsi, fundo lake la nyuma lilikuwa limekaza vilevile. Ulikuwa umekatwa mbele, kwa kisu, na kwenye mkato palikuwa na damu kidogo.

"Umekatwa huu," Delma akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini.

"Sheria yako ni uzi. Hapa hakuna asiyeijua. Uzi nimeleta."

"Kaleta uzi, mama," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, na wengine wakaitikia. Watu walishaanza kukusanyika, maana nusu yao waliwahi kukalishwa pale juani, na sasa walitaka kuona mwenye sheria akibanwa na sheria yake. Yule polisi hakuwepo tu, angefurahi. "Mpe. Sisi ulituambia uzi ndio mwenye simu." "Leo ni mkwe, kwa hiyo sheria imelala?" "Mimi ulinikalisha hapa na mimba ya miezi minane, umesahau?"

Mimi nilikuwa nangoja akatae, na moyoni nilikuwa namwomba akatae.

Delma akaichukua simu na kumsogezea. Soko likaguna.

"Chukua, mkwe. Mafundo yamelingana. Ila usiichomoe, betri yake imekufa, ukiitoa kwenye waya inazima. Kaa hapo kwenye kreti uifungue." Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwa ile sauti yake ya kila siku, "Mama Bepi, mafuta yako yananuka. Yamwage, ukalete mengine."

Nilivimba. Nilifungua mdomo nimjibu. Mafuta yale nilikuwa nimeyafungua asubuhi ileile, mtungi mpya, na yeye ndiye aliyenishikia faneli. Hapo ndipo nikafunga mdomo, nikamkumbuka Elsi. Nikaepua karai, nikachukua chuma changu cha kugeuzia maandazi, nikaondoka nikilalamika kwa sauti kwamba mwanamke huyu ataniua kwa madharau yake. Kulalamika huko hakukuhitaji kuigiza.

Wanakokaa kina Elsi ni nyuma ya uwanja wa ndege, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu yangu. Nilikwenda kwa tisa. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikaita, Elsi akajibu kutoka ndani, sauti yake imekauka kwa kulia. Kufuli lilikuwa zuri lakini mbao ni mbovu. Nikaingiza kile chuma nyuma ya bawaba na kukikalia kwa uzito wote niliopewa na maandazi yangu mwenyewe, bawaba ikang'oka. Alikuwa amekaa chini, mtoto mapajani, kifundo cha mkono kimevimba, shingoni alama nyekundu iliyochanika kwa mbele. Aliniambia mumewe alirudi mapema, akamkuta anakunja nguo.

"Ameichukua simu?" akaniuliza.

"Anaijaribu. Inuka."

"Akiifungua ataijua nyumba, Mama Bepi. Atakuja mpaka huko."

"Umeifunga au hukuifunga?"

"Nimeifunga."

"Basi inuka. Namba ya dereva."

Nikampa simu yangu. Aliibonyeza namba ile kutoka kichwani kwa mkono wake mzima, na dereva akasema yuko karibu, atakuja sasa hivi hapo hapo barabarani, hatangoja saa sita. Mkono mwingine nilimfunga kwa kanga ya mtoto. Gari lilipofika Elsi alikataa kupanda mpaka aniambie jambo. "Mwambie mama asimjibu. Mwambie asigombane naye, atamuumiza." Nikamwambia nitamwambia. Sikuwa na nia ya kumwambia.

Nilipofika sokoni jua lilikuwa limetoka kabisa na Mkwe bado yuko juu ya kreti, kichwa kimeinamia simu iliyoshikwa na waya. Watu walikuwa wameongezeka maradufu, na walikuwa wamegeuka. Mwanzo walikuja kumcheka Delma. Sasa walikuwa wanamcheka yeye, maana hakuna kitu kinachochekesha kukitazama kama mtu mzima anayeshindwa na simu ya mkewe.

"Ameanza na jina lake mwenyewe," muuza popoo mmoja akanisimulia, anafuta machozi. "Jina lake mwenyewe, Nne Saba Moja. Mara tatu. Halafu la mtoto. Halafu siku ya harusi, nayo akaikosea mwezi."

"Weka jina la yule mwanamke wako wa Banz," mwanamke mmoja akamwambia. "Labda mkeo anamkumbuka kuliko wewe."

"Nyamaza, wewe."

"Simu imesema ungoje dakika ngapi sasa?"

Simu ilikuwa imemwambia angoje dakika tano. Kabla ya hapo ilimwambia sekunde thelathini, kisha dakika moja. Kila alipokosea ilimwongezea. Akainua kichwa na kusema, bado akitazama paneli, "Mama mkwe, ifungue. Wewe unajua zilivyo hizi."

"Mimi nachaji. Sifungui."

"Nimekwambia ifungue." Akainuka, na mkono wake ukaingia mfukoni, ule ambamo mpini wa kisu ulikuwa unachungulia. Kicheko kikakoma. Delma bado alikuwa anatazama chini kama mkwe anavyopaswa kutazama. Nikateleza mpaka nyuma ya karai langu, nikaliweka jikoni kwa kishindo ili asikie nimerudi.

"Mafuta nimebadilisha," nikasema. "Yale ya zamani yameshaondoka. Yameondoka na gari."

Delma akainua uso. Alimtazama machoni, yeye mkwe wake, mbele ya watu mia mbili, na akasema, si kwa kupaza sauti:

"Sinake."

Sijawahi kusikia soko la Goroka likinyamaza mchana. Kuku walikuwa wanasikika.

"Sinake Forova," akasema tena. "Toka mezani kwangu."

Yule mtu alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Angetukanwa angejibu, na angepigwa angepiga. Lakini jina lake limetoka kwenye mdomo wa mama wa mkewe, lote, mbele ya wauza kabichi, na maana yake ilikuwa moja tu: huyu si mkwe wa mtu tena hapa. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa upande wake. Wale wale waliosema "mpe" walikuwa wanatazama miguu yao, na wanawake wa viazi vitamu walikuwa wamesimama, visu vyao vya kukatia mizizi viko mikononi kwa sababu ndivyo wanavyofanyia kazi. Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Simu ikamponyoka ikaning'inia kwenye waya wake, ikigonga mguu wa meza, naye akaondoka na viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata Delma alimvuta nguruwe jike mpaka kwa ukoo wa Sinake, kabla hawajaja kudai. Jina lina fidia yake. Waliokuwepo wanasema wazee wale walimuuliza kama amekuja kujuta. Akawajibu kwamba nguruwe ndiye aliyekuja, majuto hayakuja. Kisha akarudi sokoni, akafungua meza kwa kuchelewa, na mtu wa kwanza kutukanwa nilikuwa mimi, kwa kuyamwagia maandazi unga mwingi.

Wiki tatu baadaye masista walimleta Elsi mchana mmoja, mkono ndani ya plasta, kuchukua simu yake. Delma alimwomba uzi. Ndiyo, alimwomba binti yake uzi, na Elsi hakuwa nao, kwa hiyo Delma akautoa mwenyewe kwenye kopo, kile kipande kilichokatwa, akakiunga kwa fundo la tano, akahesabu, akampa simu. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza Elsi lilikuwa neno gani, lile ambalo mumewe alihangaika nalo saa nzima asilipate.

Elsi akacheka kidogo, akamtazama mama yake kwa woga. "Delma," akasema. "Nilijua hilo hata akiwa peke yake hawezi kuliandika."

Nilidhani mama atalia. Lakini uso wa Delma ulikunjamana vilevile kama siku zote.

"Jina la mtu," akasema. "Miaka yote hii nimekufundisha, na wewe unaweka jina la mtu. Angekuwa mhuni asiye na adabu angelijaribu la kwanza. Na sasa umelitaja mbele ya Nne Saba Moja na soko zima. Badilisha."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi, hapa mbele yangu."

Elsi akaegemeza simu kwenye plasta na kuanza kubonyeza. Delma akageuza uso asione vidole vyake, kama anavyofanya kwa mteja yeyote, na kwa kuwa alikuwa amegeukia upande wangu, mimi peke yangu ndiye niliyeuona uso ule ukikunjuka.